Sista Irene Nyaatha na Wapagazi wa Kilwa

Kutoka Isiolo mjini kwenda Oldonyiro ni mwendo wa kumeza vumbi. Njia yapita Kipsing, yakata mito mikavu ya mchanga ambayo wenyeji huiita laga, yazunguka vilima vya mawe na kupenya katikati ya migunga yenye miiba mirefu kama sindano za kushonea magunia. Mimi ni mtu wa pwani. Nimezaliwa Mombasa, nikasoma chuoni kwa mwalimu aliyenifunza alifu kwa kijiti kabla ya kunikabidhi kalamu, na hadi leo nikikaa siku mbili bila kuiona bahari huwa kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Walakini mhariri akitaka habari hatazami tabia ya mwandishi. Nilitumwa kuandika juu ya mnada wa mifugo wa Oldonyiro, na ingawa sikuona maana ya kumtuma mshairi kwenda kuhesabu mbuzi, nilifunga mkoba wangu nikaenda.

Mnada ule una mambo yake, nami nitaueleza siku nyingine, inshallah. Leo nina jambo jingine nililolikuta huko, ambalo sikulitazamia hata kidogo.

Jioni ya kwanza mwenyeji wangu, Mwislamu mwenzangu mwenye duka karibu na uwanja wa mnada, alinikirimu kwa maziwa ya ngamia. Ni ukarimu mkubwa, na kuukataa ni utovu wa adabu. Tumbo lililozoea madafu halikuafikiana nayo. Usiku sikulala, na kulipopambazuka mwenyeji wangu alinishika mkono akanipeleka kwa muuguzi, mama mmoja wa Kiturkana, mtu wa makamo, Mkatoliki, ambaye alinitazama mara moja tu akajua mgeni amepatwa na nini. Alinipa dawa, akanikorogea maji ya sukari na chumvi, akaniambia mzee nikae pale kitini nisiinuke mpaka yeye aridhike.

Basi mtu aliyekalishwa kitini atafanya nini ila kutazama kuta? Ukutani palikuwa na picha iliyokatwa kutoka kalenda kuukuu. Ilimwonyesha mtawa wa Kizungu, kijana, kitambaa kichwani, uso wenye tabasamu dogo, na miguuni viatu vizito vya kutembelea. Chini yake yaliandikwa majina ya miji aliyofanya kazi. Nilisoma Voi. Nikasoma Kilwa. Nikasoma Lindi na Dar es Salaam, kisha Gikondi.

Nilishtuka. Kilwa imefuata nini Oldonyiro? Sisi watu wa pwani tukiisikia Kilwa twakumbuka masultani wa Kisiwani na msikiti wao wa makuba. Twakumbuka Kivinje na ule mwembe ambao Wajerumani waliwanyongea Hassan bin Omari Makunganya na wenziwe mwaka wa 1895. Lindi nayo ndiko alikotoka Abdul Karim bin Jamaliddini, aliyetunga Utenzi wa Vita vya Maji-Maji, akatiwa gerezani na kufia humo. Katika yote niliyosoma na kusimuliwa juu ya mwambao ule, mtawa hakuwamo.

Tena nyumbani kwetu jina la Kilwa lina uzito wa namna nyingine. Nyanya yangu mzaa mama hakumjua baba yake. Alikuwa hamali wa bandarini, na mwaka wa 1917, nyanya akiwa bado anatambaa, alichukuliwa kwenda kubeba mizigo ya vita. Hakurudi. Mtu mmoja aliyerudi alisema alimwona kwa mara ya mwisho huko Kilwa, amelala chini, anahara damu. Hayo tu. Hapana kaburi, wala hapana tarehe ya kumsomea hitima. Nyanya alikuwa akimsomea Yasini kila Shaabani akielekea kusini, na nilipokuwa mtoto nilimsikia mara nyingi akiuliza, pasipo kumwuliza mtu yeyote, ni nani aliyemwosha.

Kwa hiyo nilimwomba yule muuguzi anieleze habari za mtawa wa ukutani. Alinieleza kwa vipande vipande, huku akifunga vidonda vya watoto na kuwapima kina mama, na niliporudi Mombasa nilitafuta mengine katika maandishi. Habari zenyewe ni hizi.

Alizaliwa tarehe 22 Agosti 1891 katika kijiji cha Anfo, mkoa wa Brescia, kaskazini mwa Italia, kando ya ziwa. Jina la nyumbani lilikuwa Mercede Stefani, na alikuwa wa tano katika watoto kumi na wawili. Mwaka wa 1911 aliingia katika shirika changa la masista wa Konsolata mjini Torino, ambalo lilikuwa limeanzishwa mwaka mmoja tu nyuma yake na Padre Giuseppe Allamano, yule ambaye Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu Oktoba 2024. Alipovikwa nguo za utawa mwaka wa 1912 akapewa jina la Irene, ambalo kwa Kiyunani maana yake ni amani. Januari 1914 aliweka nadhiri. Desemba mwaka huo huo alipanda meli kuja Kenya, na mwanzoni mwa 1915 akashuka Mombasa kwetu.

Jina lake amani, na alikuta vita. Tangu Agosti 1914 Waingereza wa Kenya na Wajerumani wa Tanganyika walikuwa wamekamatana makoo kwa ugomvi uliozaliwa Ulaya, ambao mtu wa Nyeri au wa Lindi hakuwa na sehemu ndani yake. Jenerali wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliuvuta ule ugomvi toka mipaka ya Taita hadi mto Ruvuma na ng'ambo yake, asisalimu amri mpaka Novemba 1918. Majeshi yakapita mahali pasipokuwa na barabara wala reli. Farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa kwa mbung'o. Kilichobaki kikawa mgongo wa mwanadamu.

Ndugu msomaji, hebu fikiri hesabu ya jambo hili. Mpagazi anabeba unga wa askari, lakini mpagazi naye hula. Kila siku anayotembea yeye na wenziwe hula sehemu ya mzigo, kwa hiyo hutakiwa mpagazi mwingine wa kumbebea mpagazi chakula, na mwingine nyuma yake. Safari ikirefuka, watu huhitajika maelfu kwa maelfu. Serikali ilipitisha sheria mwaka wa 1915 ya kuwachukua watu kwa lazima, na mwaka wa 1917 msako ukawa mkubwa kuliko yote, hata vijiji vikabaki na wazee na wanawake. Kikosi hicho cha wapagazi ndicho kilichoacha jina la Kariakoo Dar es Salaam na Kariokor Nairobi. Watu huenda kununua nazi na vikapu huko wasijue kwamba wanatamka jina la kambi.

Hesabu za serikali yenyewe zilikiri kuwa wapagazi waliokufa upande wa Waingereza walizidi 40,000. Wako wanahistoria wanaosema walifika laki moja. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria na nimonia. Mtu aliyezoea ndizi na viazi vya baridi ya mlimani alipewa unga wa mahindi, hana wakati wa kuupika ukaiva, hana kuni kavu, na tumbo lake likachanika. Mimi niliyelala kitini kwa sababu ya bakuli moja la maziwa niliona haya kulisikia hilo.

Sasa hao walipougua walipelekwa hospitali za kambi, na masista wa Konsolata waliombwa wakawauguze. Sista Irene, ambaye hakuwa amemaliza hata kuzoea jua la huku, alipelekwa Voi, kisha Kilwa Kivinje, Lindi na Dar es Salaam. Ukilisikia neno hospitali usidhani ni vitanda vyeupe. Zilikuwa banda ndefu zilizoezekwa majani, watu wamelala kwa mamia, wengine juu ya ardhi tupu, na uvundo wake ulimrudisha mlangoni askari mzima. Wagonjwa walitoka katika makabila yote ya Kenya na hata nje ya Kenya, na kilichowaunganisha kilikuwa Kiswahili cha kambini. Huko ndiko binti wa Anfo alikowaosha watu vidonda, akawakamua funza, akawalisha kwa kijiko, akawabadilisha matambara machafu na kuyafua. Asubuhi alikuwepo, na usiku alikuwepo. Waliomwona wanasimulia kwamba alikuwa akienda kwa haraka siku zote, karibu kukimbia, kwa maana kila alipochelewa alikuta mmoja amekwisha kwenda zake.

Kuna kisa kimoja cha Kilwa ambacho wasimulizi wa maisha yake hawakiachi. Maiti za wapagazi zilikuwa nyingi hata hazikuchimbiwa makaburi. Zilipelekwa pwani zikalazwa mchangani, maji yakijaa yazichukue. Jioni moja Sista Irene alirudi bandani akakuta mahali pa mgonjwa wake mmoja ni patupu. Akaambiwa huyo amekufa, amekwisha pelekwa. Yeye hakuamini. Alitoka mbio mpaka ufuoni, giza limeingia, akawa anapita katikati ya maiti, akigeuza mmoja baada ya mwingine na kutazama nyuso, mpaka alipomwona mtu wake. Alikuwa bado anapumua. Akampakata pale pale, na kabla roho haijatoka akambatiza.

Muuguzi alinisimulia kisa hicho akiwa amenipa kisogo, anapanga chupa. Mimi nilikuwa natazama sakafu. Nimekulia pwani, najua maji ya bamvua yanavyokuja usiku, pasipo kelele, na yanavyochukua chochote kilicholazwa. Kwa zaidi ya miaka mia moja ukoo wetu umeuliza kaburi la mtu liko wapi. Huenda ndilo jibu. Sikuwa nimepata kulifikiria.

Hapa sina budi kulisema lililonikera, maana nikilificha nitakuwa ninaandika sifa tupu. Masimulizi ya Kanisa husema kwamba katika miaka ile ya hospitali Sista Irene aliwabatiza watu wapatao 3,000, wengi wao wakiwa ukingoni mwa kufa. Niliposikia hesabu hiyo nilinyamaza. Baba yake nyanya alikuwa Mwislamu, mtoto wa Mwislamu. Je, kama alikuwamo katika banda lile? Mtu ambaye homa imempanda kichwani, anayeota mchana, ambaye mkono mmoja tu katika dunia nzima ndio unaomnywesha maji, ana hiari gani ya kukubali au kukataa? Sisi tulifundishwa chuoni kwamba dini haishurutishwi. Shuruti ina namna nyingi, na udhaifu wa mgonjwa ni mojawapo.

Nikamwuliza muuguzi hivyo hivyo, kwa adabu lakini bila kuzunguka. Hakukasirika. Alisema ajuavyo yeye ni kwamba Sista alikaa na wagonjwa akiwafundisha siku baada ya siku, na kwamba alikuwa akingoja mtu akubali. Kisha akasema kuwa yeye hakuwepo, na hawezi kumwapia kila mmoja katika hao 3,000. Nililipenda jibu hilo. Mtu anayependa dini yake mara nyingi huona kwamba kukiri asilolijua ni kushindwa.

Nami nilirudi kwenye nafsi yangu. Nimekaa karibu na watu wanaokata roho. Nilimlakinia shahada marehemu baba yangu kwa kumnong'oneza sikioni, na sikumwuliza kwanza kama yuko tayari kuisikia. Alikuwa Mwislamu, ndiyo, na jambo hilo si sawa sawa na la mtu wa dini nyingine. Hata hivyo ile haraka naijua. Aaminiye kwamba liko neno litakalomfaa mwenzake katika safari ile, hawezi kukaa nalo mdomoni. Tofauti yangu na Sista Irene iko pale pale, nami siifuti kwa ajili ya kumridhisha mtu. Lakini nikitaka kumhukumu kwa tendo la dakika moja ya mwisho, haki yataka nitazame pia siku na wiki zilizotangulia, alipokuwa akimsafisha kinyesi mtu ambaye serikali iliyomleta pale haikuandika hata jina lake sawasawa.

Vita vilipokwisha alirudi Nyeri, na mwaka wa 1920 akapelekwa Gikondi, upande wa Mukurweini, ambako alikaa miaka kumi hadi kufa kwake. Ilikuwa miaka migumu katika nchi ya Wagikuyu. Kipande kimeingia, kodi imepanda, ardhi imekatwa kwa walowezi, na Machi 1922 Harry Thuku alipokamatwa watu walipigwa risasi mchana kweupe Nairobi. Mtu wa Gikondi alikuwa na kila sababu ya kumtilia shaka mwenye ngozi nyeupe, awe na bunduki ama awe na rozari. Walikuja kwa meli zile zile.

Katika hali hiyo Sista Irene alianza kutembea. Gikondi ni nchi ya matuta, kila kijiji kiko juu ya mgongo wake, na kutoka kimoja kwenda cha pili ni lazima ushuke bondeni, uvuke mto, upande tena. Alifundisha shuleni asubuhi, kisha akavaa vile viatu vyake na kwenda nyumba kwa nyumba. Alikwenda kwa wagonjwa na kwa wazee wasioweza kutoka, na aliposikia mwanamke ameshikwa na uchungu alikwenda, hata usiku. Alijifunza Kigikuyu cha wanawake wanaokoka moto, si kile cha kitabuni tu. Kwa muda alikuwa pia mkuu wa masista wenzake wa hapo, na husemwa kwamba kazi nzito za nyumba alizitia katika fungu lake mwenyewe.

Tena alikuwa mwandishi wa barua. Jambo hili limenigusa kwa sababu ya kazi yangu. Vijana wa Gikondi walikuwa wamekwenda kutafuta kazi, wengine Nairobi, wengine hata Mombasa, na mama zao hawakujua kusoma wala kuandika. Sista Irene aliketi akawaandikia. Mama husema, yeye huandika. Jibu likija yeye husoma. Kwetu Mombasa mwandika barua alikaa barazani na wino wake na alilipwa kwa waraka, tena akipenda alitia na maneno yake mwenyewe ya kupendezesha. Huyu hakulipwa. Nami nawaza, katika barua zile zilizoshuka kwa treni mpaka Mombasa, huenda moja ilipita mkononi mwa mtu wa mtaani kwetu akaulizwa njia ya nyumba ya fulani Mgikuyu.

Watu wa Gikondi walimpa jina. Walimwita Nyaatha, kutokana na neno lao la huruma, yaani mama mwenye huruma. Wagikuyu hawampi mgeni jina bure. Wazungu wengi wa zama zile walipewa majina, na mengi katika hayo ni ya kumtania mtu kwa tumbo lake, au pua yake, au ukali wake. Hili la Nyaatha ndilo lililobaki midomoni hata kwa watu wasiojua kwamba aliitwa Irene.

Mwaka wa 1930, akiwa katika mafungo ya kiroho huko Nyeri, alimwomba mkuu wake ruhusa ya kumtolea Mungu uhai wake kwa ajili ya kazi ya misheni. Wenye imani ya Kikristo hulitazama ombi hilo kwa macho yao. Mimi nalieleza kama lilivyo, kwa kuwa yaliyofuata yalifuata upesi. Mwezi wa Oktoba tauni ilizuka katika sehemu za Gikondi. Mwalimu mmoja wa shule akashikwa. Watu wakajitenga naye, na huwezi kuwalaumu, kwani tauni si homa ya mafua. Sista Irene akaenda akakaa naye, akamwuguza kwa mikono yake. Siku chache baadaye yeye mwenyewe alianguka, na tarehe 31 Oktoba 1930 akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 39. Watu wa Gikondi walisema kwamba ugonjwa haukumwua, mapenzi ndiyo yaliyomwua.

Katika vitabu tulivyosoma chuoni, afaye kwa tauni amehesabiwa katika mashahidi. Najua hukumu ile imewahusu Waislamu, na mashekhe wangu wasije wakaninyoshea kidole. Nasema tu kwamba niliposikia amekufa kwa tauni, ndilo neno lililonijia kwanza.

Alizikwa Mathari, Nyeri. Miaka mingi baadaye, Januari 1989, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwaka Msumbiji, watu zaidi ya mia mbili walizingirwa ndani ya kanisa la Nipepe, mkoa wa Niassa, bila maji. Walimwomba Sista Irene awaombee, na wakashuhudia kuwa maji kidogo yaliyokuwa katika chombo cha ubatizo yaliwatosha kwa siku zote walizofungiwa, wakubwa na wadogo. Kanisa lilichunguza habari hiyo, na mwaka wa 2014 likaikubali kuwa muujiza. Tarehe 23 Mei 2015 alitangazwa mwenye heri mjini Nyeri, mbele ya umati mkubwa, na aliyeongoza ibada kwa niaba ya Papa alikuwa Kardinali Polycarp Pengo wa Dar es Salaam. Nimelifurahia hilo. Mji ule ambao Sista aliwauguza wapagazi ndio uliomtoa mtu wa kumtangaza.

Mtu ataniuliza, na Oldonyiro inaingia wapi? Masista na mapadre wa shirika lile walienea toka Nyeri hadi Meru, na Isiolo ilikuwa sehemu ya jimbo la Meru mpaka ilipotengwa mwaka wa 1995. Askofu wake wa kwanza, Luigi Locati, Mtaliano, aliuawa kwa risasi Isiolo tarehe 14 Julai 2005, na aliyemfuata, Anthony Ireri Mukobo, alitoka katika shirika la Konsolata. Kwa hiyo picha ya Nyaatha kufika ukuta wa Oldonyiro si ajabu. Lililonistaajabisha lilikuwa jingine, na nililipata dukani kwa mwenyeji wangu.

Nilipokuwa nimepata nafuu tulikaa mlangoni pake baada ya Alasiri, tukitazama Wasamburu na Waturkana wakipita na mbuzi ambao hawakuuzwa. Nilimtajia yule muuguzi. Akaniambia kwamba mwaka fulani mkewe alishikwa na uchungu usiku, mvua imenyesha milimani na laga limejaa, gari haliwezi kuvuka. Muuguzi alikuwa ng'ambo ya pili kwa mgonjwa mwingine. Alikuja. Alingoja maji yapungue kiasi cha kumfika kiunoni, akavuka akiwa ameweka mkoba kichwani, na mtoto alizaliwa kabla ya adhana ya Alfajiri. Nikamwuliza kama katika miaka yote hiyo amepata kumsikia akimvuta yeye au mkewe kwenye dini yake. Mwenyeji wangu alicheka. Alisema Jumapili humwona akienda kanisani, basi ndiyo habari yote ya dini aliyoipata kwake. Kisha akanyamaza kidogo, akasema mtoto yule ni msichana, na kwamba anataka kuwa muuguzi.

Kesho yake lori la mifugo la kunirudisha Isiolo lilikuwa linapakiwa. Kupakia mbuzi ni kazi ya mabishano, nikaona nina nafasi ya kwenda kumuaga mama yule. Nilimkuta anafunga mlango. Alikuwa anakwenda kwenye boma moja upande wa vilimani, kuna mzee hajala siku tatu. Nikamwomba nimsaidie mkoba walau mpaka kwenye laga. Alikataa kwanza, kwani mzee mgeni habebeshwi mzigo, kisha akaona sitamwacha, akanipa.

Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Njiani nilimwambia habari za baba yake nyanya, jina lake na mtaa wake, na kwamba alionekana mara ya mwisho Kilwa. Akaniuliza alikuwa wa dini gani. Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akaniomba nilirudie lile jina polepole, akalitamka mara mbili ili asilisahau.

Tulipofika kwenye laga alichukua mkoba wake akashuka mchangani. Nilitaka kumfuata hadi ukingo wa pili, lakini alikwenda kwa haraka mno, na viatu vyangu vya pwani vilikuwa vimejaa mchanga. Nikasimama kuvikung'uta. Nilipoinua macho alikuwa amekwisha panda upande wa pili, amefika kwenye migunga, na nyuma yangu dereva wa lori alikuwa anapiga honi.